Somo: Viungo vya Kigiriki vya majani makavu, unavitengeneza mwenyewe nyumbani

Wapishi wenzangu, salaam. Leo tunachanganya viungo vya Kigiriki, vile vya kupaka kuku, mishkaki, samaki na viazi vya oveni. Niseme mapema: Mgiriki jikoni kwake haangaiki na vichupa vingi. Ana oregano, ambayo kwao huitwa rigani, ana chumvi, limau na mafuta ya zeituni, na hapo amemaliza kazi. Mchanganyiko wa kwenye kopo umevuma zaidi Marekani. Unaojulikana sana ni Cavender's wa Arkansas, na ukisoma kopo lake utakuta kitu cha kwanza kilichotajwa ni chumvi. Wetu hautakuwa na chumvi kabisa, na tutafuata kanuni moja tu: oregano ndiye bwana harusi, wengine wote ni wapambe. Mchanganyiko ukinukia kitunguu saumu kuliko oregano, hicho ni kiungo kingine, si cha Kigiriki.

MAHITAJI
(Kijiko kisawazishwe juu, kisiwe na mlima.)

Oregano kavu, vijiko vya chakula 4
Thaimu kavu, kijiko cha chakula 1
Nanaa kavu, kijiko cha chakula 1
Rehani kavu, kijiko cha chakula 1
Rozimari kavu iliyotwangwa, kijiko cha chai 1
Unga wa kitunguu saumu, vijiko vya chai 2
Unga wa kitunguu maji, vijiko vya chai 2
Ganda la limau lililokunwa na kukaushwa, vijiko vya chai 2
Pilipili manga iliyotwangwa, kijiko cha chai 1
Mdalasini wa unga, robo kijiko cha chai, ukipenda

Mdalasini usikushtue. Wagiriki huutia kwenye rojo la nyama ya kusaga, hasa la pastitsio (tambi za oveni) na musaka (biringanya za oveni). Ila kama viungo hivi unavitaka kwa samaki, uache.

HATUA YA 1: Kuchagua majani

Oregano ya Kigiriki ina majani madogo yenye vinyweleo na maua meupe. Huvunwa ikiwa imechanua, kwa sababu ndipo harufu yake inapokuwa kali, halafu hufungwa mashada na kuning'inizwa kichwa chini. Ukinunua ya pakiti, soma imetoka wapi. Ile ya Meksiko ni mmea wa ukoo mwingine kabisa na ladha yake inaelekea kwenye pilipili na maharage, si kwenye limau na zeituni.

Kuna mmea mwingine wa kwenye vyungu, una majani manene, laini, yaliyojaa maji, na watu wengi huuita oregano. Unanukia hivyo kweli, lakini si wenyewe, na kuukausha ni kazi bure: majani yanasinyaa na kuoza kabla hayajakauka. Huo utumie mbichi kwenye mchuzi.

Rehani nayo iwe ile tamu ya majani mapana. Kivumbasi kiache kifukuze mbu, kikiingia kwenye mchanganyiko huu hutasikia kingine.

HATUA YA 2: Kukausha

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo tukae kidogo.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Kama majani yana vumbi, suuza haraka, kung'uta, tandaza juu ya kitambaa mpaka maji yote yaishe. Funga vishada vidogo, vya unene wa kidole gumba. Shada nene hukauka nje huku katikati kunaota ukungu. Ning'iniza ndani ya nyumba, kwenye kivuli na hewa inayopita. Jua kali linafubaza rangi na kuondoka na mafuta ya kwenye jani, na hayo mafuta ndiyo harufu yenyewe. Unabaki na nyasi.

Rehani na nanaa zina maji mengi, zinaweza kuwa nyeusi zikiwa kwenye shada. Chambua jani mojamoja, panga kwenye ungo au sinia lililotandikwa kitambaa chepesi, geuza kila siku.

Kwa kawaida kazi huchukua wiki 1 hadi 2 kulingana na hali ya hewa, lakini usiamini kalenda, amini vidole. Shika jani: likikunjika, bado. Likivunjika na kusagika kiganjani, na kikonyo kikikatika kwa mlio, tayari. Kisha fanya jaribio la chupa. Jaza majani kwenye chupa ya kioo, funga, lala. Asubuhi ukiona ukungu wa maji kwenye kioo kwa ndani, yatoe yote yarudi kukauka.

Wa oveni: moto wa chini kabisa, usizidi nyuzi 50 kama oveni yako inafika huko. Nyingi hazifiki, kwa hiyo acha mlango wazi kidogo kwa kuubana na mwiko, na usiende kuangalia tamthilia.

HATUA YA 3: Ganda la limau

Osha limau kwa maji ya moto, futa. Ikune ile njano ya juu tu kwa upande wa kikunio wenye matundu madogo, mkono mwepesi. Ukifika kwenye weupe umefika kwenye uchungu. Tandaza kwenye sahani, acha likauke mpaka likishikwa linakwaruza kama mchanga. Limau lenye unyevu hata kidogo litagandisha chupa nzima.

HATUA YA 4: Kuchanganya

Rozimari itangulie kwenye kinu peke yake, twanga mpaka iwe unga wa chengachenga. Ikiingia nzima, inamchoma mlaji kooni. Oregano, thaimu, nanaa na rehani zifikiche kwa viganja tu. Blenda inazigeuza vumbi na harufu inaisha mapema. Changanya vyote kwenye bakuli kavu kwa kijiko kikavu.

HATUA YA 5: Kuhifadhi

Chupa ya kioo, kifuniko kinachobana, kabatini penye giza. Si rafu ya juu ya jiko, mvuke unapanda huko. Na usinyunyize chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka. Chota kwanza, kisha tia. Tumia ndani ya miezi 6. Baada ya hapo haidhuru, ila ladha inachoka.

KUTUMIA

Kuku wa kilo 1 na nusu: kijiko cha chakula 1 cha viungo, robo kikombe cha mafuta ya zeituni, maji ya limau 1 kubwa, chumvi kijiko cha chai 1 na nusu. Pakaza, weka kwenye friji saa 2 au zaidi. Kwa mishkaki ya mkaa, kung'uta majani yaliyong'ang'ania nyama kabla ya kuweka motoni, maana yanaungua na kuwa machungu. Nyunyiza mengine nyama ikiiva. Viazi: kata virefu, changanya na viungo, mafuta, limau na nusu kikombe cha supu, oveni nyuzi 200 kama saa 1. Supu inakauka, viazi vinabaki na uchachu ndani na ukoko nje.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, niko Nakuru. Rozimari nimejaza uani lakini oregano ni bei. Naweza kuongeza rozimari badala yake?

Jibu: Hapana, mpendwa, itakuwa nyama ya kuchoma yenye harufu ya sabuni. Tafuta majorani, ni ndugu wa karibu wa oregano ila mpole zaidi. Weka vijiko 5 badala ya 4.

Swali: Shikamoo mwalimu. Huku Tanga masika yakianza kitu hakikauki, majani yangu yameota utando mweupe. Nikiyaanika tena yatafaa?

Jibu: Marahaba. Utando ni ukungu, mwaga yote, usichambue. Msimu huo tumia oveni, au maikrowevu: majani yasiyo na maji juu yake, katikati ya karatasi mbili za jikoni, dakika 1, kisha sekunde 20 za kuongezea mpaka yavunjike. Kaa hapohapo, yanaweza kushika moto.

Swali: Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, zaatari imejaa madukani. Haifai hiyo?

Jibu: Waalaykumu salaam kaka. Zaatari ya majani matupu, yale ya Kiarabu yanayonukia kama oregano na thaimu, inafaa sana, badilisha nusu ya oregano. Ile iliyochanganywa na ufuta na sumaki (unga mwekundu mchachu wa tunda) ina uchachu wake na chumvi yake, hiyo ibaki na mkate na mafuta.

Swali: Mimi nataka niloweke viungo na vitunguu saumu vibichi kwenye chupa ya mafuta, niweke mezani kama mgahawani.

Jibu: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, nje ya friji, kinaweza kuotesha vijidudu vya botulizimu, na sumu yake haina harufu wala rangi ya kukuonya. Changanya ya siku hiyo. Ikibaki, friji, na isizidi siku 4.

Swali: Mama ana presha. Nimenunua kitunguu saumu cha dukani, nikionja kina chumvi.

Jibu: Umenunua chumvi yenye kitunguu, si unga wa kitunguu. Vinakaa rafu moja na vichupa vinafanana. Soma orodha ya vilivyomo, kiwe kitu kimoja tu. Mama mkamulie limau kwa wingi, linasaidia asiikumbuke sana chumvi.

Swali: Nikitaka kuuza je? Niko Morogoro.

Jibu: Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, wakuelekeze hatua za kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kwa sasa anza kuandika vipimo vyako kwa gramu, vijiko havifai biashara.

Swali: Wangu umeganda chini ya chupa, nimetia mchele kama tunavyofanya kwenye chumvi. Nimekosea?

Jibu: Hujakosea, lakini utakuja kutafuna mchele mbichi kwenye saladi. Ufunge kwenye kitambaa kwanza. Kinachoganda ni unga wa vitunguu, unavuta unyevu haraka. Mwaga kwenye sinia, vunja mabonge, nusa. Kama harufu ni ya oregano, kausha kwenye oveni ya moto mdogo dakika chache, uache upoe ndipo uurudishe. Kama kuna harufu ya uvundo, tupa, osha chupa na uikaushe juani mchana mzima kabla ya kuijaza tena.