Somo: Jinsi ya kuisoma kozi ya algorithimu za mitandao iliyotawanyika

Wakuu, habari za leo. Kila testi ya kwanza ikikaribia, vijana wanaosoma kompyuta hapa Mwanza huniuliza swali lilelile: hii kozi inasomwaje? Programu wanaandika, miundo ya data walifaulu, ila wakifika hapa wanakwama. Mimi sababu naiona moja. Wamezoea algorithimu inayoona kila kitu, grafu nzima, yaani mchoro wa mtandao wote, iko kwenye kumbukumbu ya mashine moja. Huku kila nodi, yaani kila mashine kwenye mtandao, inajua namba yake, majirani zake na jumbe zilizoifikia, basi. Nodi haina ramani. Ukiwa unasoma jambo lolote kwenye kozi hii, jiulize kwanza: nodi hii imelijuaje?

Hatua ya 1: Masharti kwanza

Kabla ya kuisoma algorithimu, andika juu ya ukurasa masharti yake. Jumbe zinakwenda kwa mizunguko ya pamoja, au kila moja inafika kwa wakati wake? Nodi zinaweza kufa? Zinaweza kudanganya? Kila moja ina namba ya pekee? Idadi ya nodi inajulikana? Watunzi wa mitihani wanapenda sana kuchezea hapa. Wanabadilisha sharti moja tu, na jibu ulilokariri kwenye notsi linageuka kosa.

Hatua ya 2: Ichezeshe kwa mkono

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Anza na algorithimu ya Chang na Roberts ya mwaka 1979, ya kuchagua kiongozi kwenye pete. Chora duara lenye nodi tano. Mimi huzipa majina ya huku kwetu: Kirumba 5, Igombe 4, Kisorya 3, Nansio 2, Kome 1. (Najua ziwani hazijakaa hivyo, msinisahihishe.) Kirumba anatuma kwa Igombe, Igombe kwa Kisorya, na kuendelea mpaka Kome anayetuma kwa Kirumba.

Sheria ni fupi. Tuma namba yako kwa jirani anayekufuata. Ukipokea namba kubwa kuliko yako, ipitishe. Ukipokea ndogo, itupe. Namba yako mwenyewe ikikurudia, wewe ndiye kiongozi.

Sasa hesabu jumbe. Namba 5 inazunguka pete yote, jumbe 5. Namba 4 inapita Kisorya, Nansio na Kome, inatupwa Kirumba, jumbe 4. Ukiendelea hivyo unapata 5+4+3+2+1, yaani 15. Kisha geuza mwelekeo: nodi ni zilezile, namba ni zilezile, ila jumbe zinakwenda upande wa pili. Namba 1, 2, 3 na 4 kila moja inatupwa kwa jirani wa kwanza, na 5 peke yake inazunguka. Jumla 9. Hapo utakuwa umeona kwa macho yako n(n+1)/2 na 2n−1 zinatoka wapi (n ni idadi ya nodi), huna haja ya kuzikariri. Ukishaelewa hivyo, soma njia ya Hirschberg na Sinclair ya 1980: namba inatumwa pande zote mbili, na umbali unaongezwa maradufu kila awamu. Hata hali ikiwa mbaya kabisa, gharama inabaki kwenye kiwango cha n log n.

Njia bora ya zoezi hili ni diskasheni ya watu sita. Watano ni nodi, kila mmoja na karatasi yake. Wa sita ndiye mtandao: anapokea vikaratasi vyote na kuvichelewesha anavyotaka. Kuongea hakuna, na anayechungulia karatasi ya mwenzake ametoka mchezoni.

Hatua ya 3: Mafuriko na mti

Hii ni nyepesi. Nodi ikipokea habari kwa mara ya kwanza, inaisambaza kwa majirani wote isipokuwa aliyeileta. Mtandao wenye viungo m na nodi n utatumia jumbe 2m−(n−1). Aliyekuletea habari mara ya kwanza mfanye mzazi wako, na tayari una mti wa kukusanyia majibu. Tusonge.

Hatua ya 4: Uthibitisho uwe wa sehemu mbili

Kwanza thibitisha kwamba baya halitokei kamwe, mfano viongozi wawili. Kisha, kwenye aya nyingine kabisa, thibitisha kwamba jema hatimaye linatokea, yaani kiongozi anapatikana. Ukizichanganya utajikuta unaandika "mwishowe kila kitu kinakaa sawa", sentensi isiyo na alama hata moja.

Hatua ya 5: Yasiyowezekana

Chukua wafanyabiashara wawili wa dagaa, mmoja Kirumba, mmoja Nansio. Kila mmoja anakubali kupakia mzigo kesho iwapo tu ana hakika mwenzake naye atapakia, na meseji zinaweza kupotea. Wa Kirumba anatuma "kesho". Wa Nansio anajibu "sawa", lakini hajui kama jibu limefika, kwa hiyo anasubiri jibu la jibu. Meseji ya mwisho, iwe ya ngapi, mtumaji wake hana hakika nayo. Hakuna idadi ya meseji itakayowapa hakika hiyo.

Kutoka hapo nenda kwa Fischer, Lynch na Paterson, 1985. Walithibitisha kwamba kwenye mtandao usio na kikomo cha ucheleweshaji, ikiwezekana nodi moja tu kufa, hakuna algorithimu isiyotumia bahati nasibu itakayohakikisha kila mara nodi zinafikia makubaliano. Kiini chake ni kwamba huwezi kutofautisha aliyekufa na aliyechelewa. Paxos, na Raft ya 2014, algorithimu za kufikia makubaliano, hazipingani na hilo: makubaliano mawili yanayogongana hayatokei kamwe, ila kusonga mbele kunahitaji mtandao utulie.

Hatua ya 6: Sasa andika programu

Laptopu moja inatosha, bando halihitajiki. Weka orodha ya jumbe zilizo njiani, chagua mmoja kwa kubahatisha, upeleke, rudia. Hifadhi mbegu ya ubahatishaji, yaani namba inayouanzisha, ili hitilafu ikitokea uweze kuirudia ilivyokuwa.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Malimbe: Mkuu, shukrani kwa somo. RIP na OSPF, zile taratibu za ruta kutafuta njia tulizosoma mwaka wa pili, zinaingia wapi?

Jibu: Hizo ndizo zenyewe zikiwa kazini, kaka. Kwenye OSPF ruta zinasambaza hali ya viungo kwa mafuriko, kisha kila moja inapiga hesabu ya Dijkstra ya njia fupi peke yake. RIP ni Bellman-Ford, hesabu nyingine ya njia fupi, iliyotawanywa, na ugonjwa wake uchore hivi: Mwanza, Nansio, Ukara kwa mstari. Nansio yuko hatua 1 kutoka Ukara, Mwanza hatua 2. Kiungo cha Ukara kikikatika, Nansio anamsikia Mwanza akisema "mimi nafika kwa 2", anaandika 3. Mwanza anasikia 3, anaandika 4. Wanadanganyana hivyo hadi 16, ambayo RIP imeihesabu kuwa haifikiki. Nansio hajui kwamba njia ya Mwanza ilipita kwake yeye mwenyewe. Ramani hana.

Mama Kijana: Kaka, na kama nodi hazina namba kabisa?

Jibu: Dada, swali zuri. Dana Angluin alionyesha mwaka 1980 kwamba haiwezekani kuchagua kiongozi kwenye pete ya nodi zinazofanana kila kitu. Zikienda kwa mizunguko ya pamoja, zote zinaanza sawa, zinapokea sawa, zinaamua sawa: ama wote viongozi, ama hakuna. Dawa ni kurusha sarafu.

Fundi Ruta: Kwa nini, nodi moja ikiwa mwongo, makubaliano yanahitaji nodi nne, tatu hazitoshi? Mbona wakweli wawili ni wengi kuliko yeye?

Jibu: Jiweke kwenye nafasi ya A. B anakwambia "ndiyo". C anakwambia "B kaniambia hapana". Nani mwongo? Akiwa B au akiwa C, karatasi yako inasomeka vilevile. Ndiyo maana Lamport, Shostak na Pease wanadai nodi zisizopungua 3f+1 kwa waongo f. Jumbe zikiwa na saini isiyoghushika hesabu hiyo inabadilika, kwa hiyo rudi hatua ya 1 ukasome masharti ya swali.

Msongo: Nina sup (mtihani wa marudio) ya hesabu za grafu. Niiache kozi hii?

Jibu: Usiiache. Fanya sup kwanza, hasa uthibitisho kwa induksheni, maana hapa unatumika kila wiki.

Kijana wa Malimbe: Python au Java?

Jibu: Unayoijua tayari.