Treni ya Moshi, Msitu wa Kale na Barua Niliyoitupa

Kabla hujatia kamera kwenye begi, sikia hili: picha yako ya kwanza iwe ya kibao cha paking. Ya pili iwe ya tiketi uliyolipia. Treni itafuata.

Naishi Birmingham, na kwa sisi wa huku Jumamosi tamu ni kwenda Severn Valley Railway, reli ya zamani ya maili 16 kati ya Kidderminster na Bridgnorth. Vichwa vya makaa ya mawe bado vinavuta mabehewa kando ya mto Severn. Ukishuka stesheni ya Bewdley na kuvuka mto, kwa miguu unaingia Wyre Forest, mmoja wa misitu mikubwa ya kale iliyobaki England. Wenyewe huuita msitu "wa kale" ikiwa ardhi yake imekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600. Usitegemee mivule ya msitu wa Amani kule Tanga. Mialoni mingi ni myembamba, kwa sababu zamani ilikatwa na kuachwa ichipue tena: miti ikaenda kwenye mkaa, magome yakaenda kwa wasindika ngozi wa Bewdley.

Mjomba wangu alifanya kazi reli Tabora hadi alipostaafu. Aliposikia huku treni za moshi bado zinatembea, hakunipa raha. "Niletee picha ya daraja," akasema. Daraja lenyewe ni Victoria Bridge, karibu na Arley, la chuma, la mwaka 1861, upinde mmoja wa futi 200 juu ya mto. Nikaenda na gari. Hapo ndipo nilipokosea.

Niliegesha kwenye paking ya kampuni binafsi njiani. Jina lake silitaji, na haikuwa ya reli wala ya msitu. Nikalipa saa mbili. Treni niliyoisubiri ikachelewa, ukungu ukatanda vizuri mtoni, nikasema ngoja moja zaidi. Niliporudi nilikuwa nimezidisha nusu saa. Hapakuwa na mlinzi, hapakuwa na karatasi kwenye kioo, hata mnyororo wa tairi. Nikaondoka nikipiga mluzi. Kumbe kamera ya getini ilipiga picha namba ya gari wakati naingia na wakati natoka. Na saa yao huhesabu tangu getini, si tangu ulipomaliza kupambana na mashine isiyosoma kadi. Rudia kusoma hapo. Getini mpaka getini.

Barua ikaja: pauni 100, au 60 ukilipa ndani ya siku 14. Nikamwonyesha shemeji yangu, mkongwe wa nchi hii. Akacheka. "Hiyo siyo ya serikali, itupe." Nikaitupa.

Shemeji, nakupenda, lakini ushauri wako uliisha muda. Tangu sheria ya mwaka 2012, England na Wales, kampuni inaweza kumdai mwenye gari hata kama haimjui aliyeendesha, mradi ifuate masharti yake. Wengine mnachanganywa na herufi tatu, PCN. Faini ya halmashauri ni PCN (Penalty Charge Notice), na dai la kampuni binafsi nalo ni PCN (Parking Charge Notice). Soma nani ameandika. Zote mbili usizitupe. Nasema tena, usizitupe.

Kosa la pili ndilo lililonimaliza. Wiki chache baadaye nilihama nyumba. Nikabadilisha anwani benki, kazini, kwa daktari, kwenye leseni. Kadi ya gari nikaisahau. Nilidhani DVLA, wanaosimamia leseni na usajili wa magari, ni ofisi moja, ukibadilisha kimoja wameshajua. Hapana. Leseni na kadi ya gari ni rekodi mbili, kila moja inabadilishwa peke yake, bure, mtandaoni, dakika chache. Usipobadilisha unaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000, lakini hiyo faini siyo iliyonipata mimi. Kilichonipata ni kwamba barua za wadai, halafu karatasi za mahakama, zote zilikwenda nyumba ya zamani. Karatasi ya madai ina siku 14 za kujibu. Mimi wakati huo nilikuwa napanga picha za treni kwenye kompyuta. Hukumu ikatoka bila mimi kujua kwamba kuna kesi.

Nilijua nilipoomba mkopo wa nyumba na kukataliwa. CCJ, wanaiita: hukumu ya deni inayokaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu, inafutwa. Mimi mwezi ulishapita zamani. Kuomba mahakama iitengue unajaza fomu N244, unalipa zaidi ya pauni 300, na unatakiwa uharakishe mara tu unapojua, ueleze kwa nini hukujibu na una utetezi gani. Mimi bahati ilinisaidia. Sikushauri uitegemee.

Ndugu wa nyumbani nao. Mama alisema, "Si uwaeleze tu ulikuwa unapiga picha?" Nimweleze nani, mama? Nyumbani Tanzania TARURA, wakala wa barabara, wakikudai maegesho, unapata namba ya malipo, unalipa, mmeachana. Huku ukikaa kimya deni linazaa. Na mtu wa kumsihi hayupo. Waingereza ninaokutana nao ni watu wapole mno. Mzee mmoja wa kujitolea pale stesheni alinieleza bomba za injini dakika arobaini na akaninunulia chai. Lakini mashine ya getini haina mzee wa chai. Sisi tumelelewa kuogopa kupiga picha madaraja na reli, askari asije akatokea. Huku, ukiwa njia ya umma, piga utakacho, hakuna anayekuuliza. Wao wanakupiga picha wewe.

Ukipata barua, kata rufaa kwa kampuni ndani ya siku 28. Wakikataa, nenda kwenye chombo huru walichokutajia, POPLA au IAS. Hapo ndipo picha ya kibao na tiketi inapokuokoa. Mimi nilirudi na picha mia nne na kitu, zote moshi na mialoni, ya kibao hakuna hata moja.

Mengine ni mepesi. Asubuhi ya baridi mvuke huonekana mweupe zaidi. Daraja lipige ukiwa njia ya miguu kando ya mto, usiingie relini: reli ya kihistoria nayo ni reli, na faini ya kuingia hufika pauni 1,000. Aprili na Mei maua ya bluebell yakichanua, baki njiani, ukiyakanyaga huchukua miaka kurudi.

Na gari liache. Treni ya kawaida kutoka Birmingham inakushusha Kidderminster, mlango kwa mlango na stesheni ya reli ya zamani. Njiani kuelekea Bewdley inapita kando ya West Midland Safari Park, watoto wangu wanapenda kuona wanyama wa kwao kupitia dirisha la Mwingereza.

Picha ya daraja nilimtumia mjomba. Aliikuza kwenye simu, akanyamaza, kisha akaandika: "Reli yao pana kuliko yetu. Na huyo dereva mbona hajavaa kofia?"