Kusafisha manyoya ya kondoo nyumbani, kwa maji na hewa ya pwani

Kondoo wengi wa huku pwani wana nywele fupi tu. Manyoya ya kujazia mto au kusokota uzi hutoka bara, pande za Molo na Nyandarua, kwa kondoo wa Merino na Corriedale, na hufika Malindi au Lamu kwenye gunia yakiwa na mafuta, jasho na kinyesi. Kilo 1 ikishasafishwa hubaki kama nusu. Usipokee manyoya ya kondoo aliyekufa kwa ugonjwa. Kimeta huambukiza kwa njia hiyo.

Hatua ya 1: Kuchambua. Tandaza turubai nje, vaa glavu na barakoa. Toa vipande vilivyoganda kinyesi, manyoya ya tumboni, na vinyweleo vya sentimita 1 au 2 ambavyo baadaye hufanya vidonge kwenye uzi. Kung'uta mchanga. Usione uchungu kutupa.

Hatua ya 2: Kuloweka. Nusu kilo kwenye ndoo ya lita 20, maji baridi, usiku kucha, bila sabuni. Hapa maji ya kisima yanatosha. Yakigeuka kahawia ni jasho na vumbi vinatoka.

Hatua ya 3: Kufua. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji ya visima vingi vya huku ni magumu, na sabuni ya mche ikikutana nayo hufanya utando mweupe unaonata. Kwa hiyo maji ya mvua ya kwenye birika au tangi yawekee hatua hii, na sabuni iwe ya maji, ile ya kuoshea vyombo. Magadi hudhoofisha nyuzi. Jiki huziyeyusha kabisa.

Joto liwe karibu nyuzijoto 60, kwani mafuta ya manyoya huanza kuyeyuka kwenye 40 hivi. Changanya lita 5 za maji yanayochemka na lita 5 za tangini, tia vijiko 4 vya sabuni, kisha zamisha manyoya ndani ya mfuko wa neti, hata ule wa vitunguu. Yakandamize taratibu kwa mwiko, uyaache dakika 15. Usisugue, usikamue kwa kusokota, usiyafungulie bomba juu yake. Kila unyoya una magamba madogo. Ukiusugua kwenye maji ya moto yanashikana, na manyoya yaliyokwisha kushikana hayaachani tena.

Yatoe maji yangali moto. Yakipoa, mafuta hurudi kwenye nyuzi, na utayajua kwa kunata vidoleni hata yakikauka. Dawa yake ni kurudia kwa maji moto zaidi. Rudia kwa nusu ya sabuni mpaka maji yasitoke na uchafu, kisha suuza mara 2 kwa maji ya joto lilelile, ya mwisho yakiwa na robo kikombe cha siki. Maji ya mafuta usiyamwage kwenye sinki, yataganda na kuziba bomba.

Hatua ya 4: Kuanika. Yafunge kwenye taulo, kandamiza, kisha yatandaze kivulini juu ya chandarua kikuukuu kilichowambwa, hewa ipite chini. Mwezi wa Mei, mvua zikichachamaa, ni afadhali uahirishe. Manyoya hunyonya unyevu mwingi bila kuhisiwa, kwa hiyo pasua kishungi katikati ukigusishe shavuni. Kikiwa baridi, bado. Yafungashe alasiri, kamwe si usiku wala asubuhi ya umande.

Hatua ya 5: Kuchana. Yachambue kwa vidole kwanza, kisha tumia brashi 2 za waya, ukichukua kidogo kidogo. Ukijaza brashi sana, nyuzi hukatika.

Hifadhi kwenye mfuko wa pamba. Majani makavu ya mwarobaini wengi huyatia, lakini usiyategemee peke yake: fungua kila mwezi ukague viwavi vya nondo. Ukiviona, tia manyoya kwenye friza wiki 1, yamefungwa kabisa kwenye plastiki yasije yakashika harufu ya samaki.