Jinsi ya kuhesabu masaa ya mazoezi ya kijana wako kabla ya fainali, na jinsi ya kujua kama timu zote mbili zinatendewa haki

Hii nawaandikia wazazi na walezi wenzangu tulioko huku Marekani ambao watoto wetu wameingia futiboli ya vyuo, ile ya kofia ngumu na mabega makubwa. Wengi tumekulia kwenye soka ya kawaida, hizi kanuni za huku hatuzijui, mtoto akisema amechoka tunamwambia vumilia baba, skolaship haiji bure. Mimi pia nilikuwa namwambia hivyo mpwa wangu mpaka siku nilipokaa naye mezani jikoni kwa dada yangu tukahesabu masaa yake moja moja, nikanyamaza.

Anza na kanuni yenyewe maana bila hiyo utabishana hewani. NCAA, ndio wanaosimamia michezo ya vyuo, tangu 1991 wameweka kwamba msimu ukiwa unaendelea na masomo yanaendelea mchezaji asizidi masaa 4 kwa siku na masaa 20 kwa wiki, na apate siku moja nzima ya kupumzika. Siku ya mechi inahesabiwa masaa 3 hata kama walitoka asubuhi wakarudi usiku. Wiki ni siku saba zinazofuatana na chuo ndicho kinachopanga inaanza lini, kwahiyo kitu cha kwanza kabisa muulize kijana wiki yao inaanza siku gani, usipojua hilo hesabu yako yote itakuwa imekaa upande.

Sasa chukua daftari, la karatasi, sio simu, maana simu zinapotea na meseji zinafutika. Kila siku aandike alianza saa ngapi na akamaliza saa ngapi, na alichofanya. Vinavyohesabiwa ni mazoezi ya uwanjani, jimu ya lazima, kikao cha mbinu na kocha, kuangalia video kama kocha ameagiza, na hata yale mazoezi ya kutembea tu uwanjani bila kugongana. Visivyohesabiwa ni safari, matibabu na barafu, kufungwa bandeji, kula, masomo ya ziada, kuongea na waandishi wa habari. Hapo ndipo wazazi wengi tunashangaa kwasababu mtoto anatoka kumi na mbili asubuhi anarudi saa mbili usiku halafu kwenye fomu ya chuo imeandikwa masaa manne, na kweli inawezekana ikawa sahihi kabisa kwa kanuni. Tafiti za NCAA wenyewe zimeonyesha wachezaji wa futiboli wa daraja la juu wakitaja masaa zaidi ya 40 kwa wiki kwa mambo ya timu, kwahiyo kijana akikwambia namba kubwa usimwite muongo, ila andika vyote na weka alama pembeni kipi kinahesabiwa na kipi hapana.

Hebu nikuonyeshe wiki moja ya mpwa wangu jinsi ilivyokuwa kwenye daftari. Jumatatu mapumziko. Jumanne masaa 4, Jumatano masaa 4, Alhamisi matatu na nusu, Ijumaa saa moja na nusu ya video na kutembea, Jumamosi mechi kwahiyo 3, Jumapili video saa moja na nusu. Jumla 17 na nusu, safi, hakuna tatizo. Lakini pembeni kulikuwa na kitu kingine kwa kalamu nyekundu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa moja moja ya jimu alfajiri, ameandika "hiari". Nikamuuliza hiari vipi? Akanionyesha meseji iliyokuja usiku, jimu kesho kumi na mbili asubuhi, ya hiari, halafu akaniambia mlangoni kuna mtu amesimama na tableti anatiki majina. "Mjomba, ni hiari lakini asiyekuja anaonekana."

Hapo sasa ndio penye kiini. Ili zoezi liwe la hiari kweli lazima mchezaji mwenyewe ndiye aliyeliomba, mahudhurio yasiandikwe ili kumpelekea kocha, asitakiwe kuripoti alichofanya, na asiadhibiwe asipokuja wala asipewe zawadi akija. Kimoja tu kikikosekana sio hiari tena, linaingia kwenye hesabu. Rudisha yale masaa matatu kwenye wiki ile unapata 20 na nusu, unaweza kusema nusu saa tu ni nini, lakini angalia siku moja moja, Jumanne 5, Jumatano 5, Alhamisi 4 na nusu, siku tatu mfululizo amepita kikomo cha siku. Kwahiyo usihesabu wiki peke yake, hesabu na siku.

Angalia pia usiku. Tangu 2017 vyuo vya konferensi kubwa, yaani yale makundi makubwa ya vyuo vinavyoshindana kama ligi, vina kanuni kwamba lazima kuwe na masaa 8 mfululizo bila shughuli za timu kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya kusafiri haiwezi kuitwa siku ya mapumziko. Hiyo ya safari ichunguze sana, timu ikirudi na ndege mchana mzima halafu ikaambiwa leo mlipumzika, hapana, hiyo haikubaliki kwa vyuo hivyo.

Tukija kwenye fainali, ile mechi ya kumpata bingwa wa futiboli ya vyuo, mambo yanabadilika na hapa ndipo naomba usome taratibu. Kile kikomo cha masaa 20 kinashika wakati masomo yanaendelea. Chuo kikifunga, likizo rasmi au kati ya muhula na muhula, kikomo cha masaa kinaondoka. Yaani Desemba mitihani ikiisha, sisi nyumbani tunasema afadhali mtoto atapumzika, kumbe ndio mlango umefunguliwa, na mechi za mchujo zinachezwa kuanzia Desemba hadi Januari. Kwahiyo kabla ya yote ingia kwenye tovuti ya chuo chake, tafuta kalenda ya masomo, chora mstari kwenye siku ya mwisho ya mitihani na mstari mwingine kwenye siku masomo yanapoanza tena. Halafu fanya hivyohivyo kwa chuo cha wapinzani, watu wengi hii hawaifanyi kabisa na ndio inayoonyesha haki iko wapi.

Chukua fainali ya 8 Januari 2024 pale Houston, chuo cha Michigan na chuo cha Washington, Michigan wakashinda 34 kwa 13. Nazungumzia kalenda tu. Timu zote mbili zilicheza nusu fainali tarehe 1 Januari, zilikuwa na wiki moja ya kujiandaa. Washington wana mihula mifupi, ile ya kota, masomo yao yalianza 3 Januari. Michigan walianza 10 Januari, siku mbili baada ya fainali. Mechi moja, kombe moja, wiki ileile, lakini kwa kanuni ya kalenda peke yake huyu ana mtoto aliyeko darasani na yule ana mtoto aliyeko likizo, na kilichowatofautisha ni msajili wa chuo aliyepanga tarehe miaka kadhaa nyuma bila hata kuwaza futiboli. Na sasa mashindano yamekuwa ya timu 12 fainali inasogea mbele, 2015 ilikuwa 12 Januari, 2025 ikawa 20 Januari, vyuo vingi zaidi vinakutwa vimeshafungua.

Watu wakiona hivyo haraka wanasema basi aliyeko darasani naye afunguliwe, apewe msamaha wa kanuni ili wawe sawa. Mimi sikubali. Ni kweli timu zitakuwa sawa uwanjani ila umemnyang'anya mwanafunzi wiki ya kwanza ya muhula, ile ya kupata silabasi na kupanga ratiba, ukamlipa kwa masaa zaidi ya kupigana mabega. Usawa ninaouona mimi ni kushusha, sio kupandisha, timu zote mbili zikishafuzu fainali zishike kikomo kimoja cha masaa 20 mpaka siku ya mechi, awe likizo awe darasani. Goti la kijana halijui kama semesta imefunguliwa. Makocha watasema vijana walioko likizo hawana la kufanya, heri wawe uwanjani, sawa, lakini kulala nako ni la kufanya, na wengine hiyo ndio nafasi pekee ya kumuona mama yao.

Kuna kingine cha kukagua wiki hiyo, vipindi vya darasa. Mchezaji haruhusiwi kukosa kipindi kwa ajili ya mazoezi ya kawaida nyumbani, isipokuwa timu imesafiri na mazoezi yanaambatana na mechi ya ugenini. Kwahiyo weka ratiba ya masomo na ratiba ya timu pamoja kwenye mlango wa friji, dada yangu alizibandika hivyo, na Jumatano moja saa nane mchana vikagongana tukaona wote.

Ukikuta kasoro usimpigie kocha kwanza, na usiandike kwenye mitandao, kijana ndiye atakayebaki kule. Kila chuo kina ofisi ya kusimamia kanuni za michezo, andika barua pepe fupi, uliza maswali tu: wiki yetu inaanza siku gani, masaa yaliyoandikwa kwa wiki ya tarehe fulani ni mangapi, zoezi la alfajiri limewekwa kundi gani. Kabla ya hapo ongea na kijana akubali, na umuulize kuhusu zile fomu za masaa, kama chuoni kwao wanasaini, je anasoma kabla ya kusaini au anapitisha tu? Fomu hizi sio kitu kidogo. Mwaka 2010 NCAA waliwaweka Michigan chini ya uangalizi kwa miaka 3 kwa mambo ya kuzidisha masaa na rekodi kutowasilishwa, na chuo chenyewe kilikuwa kimejikata masaa 130 ya mazoezi.

Sisi tulituma barua pepe ile Jumatatu, maswali matatu, bila kumtaja mtu. Jibu lilikuja Alhamisi, fupi na la heshima. Jumanne iliyofuata mpwa wangu akapiga picha mlango wa jimu saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, hakuna mtu amesimama na tableti, akanitumia, halafu akarudi kulala.