SOMO: Jinsi ya kulinda viota vya bundi na vipanga wanaotaga chini, mwaka mzima bondeni

Kamwene wadau. Wengi mmeniuliza inbox hawa ndege nawafuatiliaje, sasa naandika mara moja nimalize. Mi sio mtaalamu, ni mkulima wa viazi huku Mufindi, nina darubini ya mtumba ya 8x42 na kauntabuku, mwaka wa tatu huu, na mengi nimeyajua kwa kuharibu kwanza.

Tuelewane ni ndege gani. Mwewe na tai wengi wanajenga juu ya mti au kwenye majabali, hao wana nafuu. Hapa nazungumzia watatu wanaokaa chini kwenye majani. Kuna bundi wa kahawia mwenye macho meusi, huyu anatoka jua bado halijazama. Kuna bundi mwenye uso mweupe kama epo la Njombe ulilolikata katikati, huyu anatoka giza likishaingia na anatoboa vinjia vyake chini ya nyasi ndefu. Wa tatu ni kipanga wa matete, wenye vitabu wanamwita harieri, anaruka chinichini juu ya bonde anapepesuka kama amepita kilabu cha ulanzi.

Angalizo kabla hujapoteza muda: kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili tunapata harieri wageni kutoka Ulaya na Asia, wanazurura Kitulo na mabondeni huku, hawa hawatagi kwetu kwahiyo usihangaike na kiota. Kwao wanataga chini katikati ya mashamba ya ngano, na mashine ya kuvuna inawamaliza makinda, ndo maana huko kuna watu wa kujitolea wanaongea na mkulima aache kipande hakijavunwa. Hilo wazo nimeliiba kama lilivyo.

HATUA YA 1. Mvua zikianza kukata, Machi, Aprili, Mei, panda kilimani kuanzia saa kumi na moja jioni, kaa. Kaa kweli, usitembeetembee. Harieri dume akija na panya anaita, jike anainuka kwenye matete anampokea hukohuko angani, alafu anashuka. Anaposhuka ndipo, ila mara nyingi anatua kwanza pembeni anakula kidogo, kwahiyo subiri arudi mara mbili tatu sehemu ileile ndo uandike.

HATUA YA 2. Usishuke. Chora mstari kutoka ulipokaa mpaka mti au jiwe ng'ambo unaopita juu ya pale aliposhuka. Kesho yake kaa kilima cha pembeni uchore mwingine. Mistari inapokutana ndipo kiota kilipo, na hujakanyaga jani hata moja.

HATUA YA 3. Usishuke, narudia, na ntawaambia kwanini. Mwaka wa kwanza nilitaka picha. Bundi wa kahawia alikuwa na mayai matatu meupe ya mviringo kwenye kibakuli cha majani yaliyolazwa, na juu ameyavuta majani yakakutana kama paa, yaani pazuri mno. Nikaenda asubuhi tatu mfululizo na gambuti, umande umejaa, na bundi akajirusha mbele yangu anaburuta bawa anapiga kelele kama amevunjika, mimi najiona mjanja napiga picha tu, kumbe ananivuta nitoke pale. Siku ya tatu nageuka nyuma nikaona njia, nyasi zimelala mstari mmoja kutoka barabarani mpaka kwenye kiota utadhani kuna mtu kaburuta gunia. Siku ya nne mbwa aliipita. Mbwa wangu mwenyewe. Na usifunge kitambaa chekundu eti alama, kunguru hawezi kukosa kuja kuuliza kuna nini.

HATUA YA 4. Mtafute mwenye bonde. Hapa ndo kazi yote ilipo maana mvua zikiisha watu wanashuka kufyeka vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, na kiota kiko hapohapo. Nenda mapema, kabla ya panga, salimia, kaa, usianze na ndege. Mi naomba kipande cha hatua ishirini kila upande kiachwe mpaka makinda waruke, na siku ya kufyeka naenda kusaidia, nusu siku ya mgongo wangu ndo bei. Msimu uliopita niliomba kwa wanne, watatu wakakubali. Wa nne alisema majani yake yanamhusu, na ni kweli yanamhusu.

HATUA YA 5. Kiota kitupu sio mwisho. Makinda wa yule bundi wa kahawia wanatoka kwa miguu wakiwa na wiki mbili na nusu hivi, wanajificha majanini, kuruka ni mpaka wiki ya tano. Wengi wanapotezea hapa, wanachungulia hakuna kitu, wanawasha moto.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makete: Huku bundi ni uchawi, wazee watanielewa kweli?
Jibu: Usibishane. Bundi anatapika vidonge vya manyoya na mifupa, vitafute anapopumzika, sio kwenye kiota. Kimoja nilikipasua juu ya kiroba mbele ya mzee mmoja, akavihesabu mwenyewe vichwa vya panya, vitatu. Akauliza hao wa kwenye mahindi yangu? Nikasema haohao. Uchawi hajauacha ila bonde hajalichoma.

Dada wa Tukuyu: Nimekuta kinda peke yake chini hawezi kuruka, nimchukue nimlee?
Jibu: Hapana dada yangu, mwache palepale, wazazi wanamjua alipo na usiku watamletea. Kama yuko njiani kabisa msogeze majanini hatua chache uondoke. Pia Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haikuruhusu kufuga tu bila kibali.

Mdau wa Mafinga: Sumu ya panya ina shida gani kama nimeweka stoo?
Jibu: Panya akila hafi papohapo, anatoka nje kalegea, na kalegea ndo rahisi kukamatwa na bundi, sumu inahamia kwake. Weka mitego.

Mdau wa Uyole: Mkuu tuma location tuje tuone.
Jibu: Situmi. Njoo tukae kilimani, beba sweta.

Mdau wa Njombe: Na moto unaotoka shamba la jirani?
Jibu: Huo ndo umenishinda mpaka sasa. Barabara ya moto, yaani mkanda uliolimwa majani yakaisha ili moto ukome hapo, nalima mwezi wa sita kabla majani hayajakauka, mita tatu hivi, na naikata mbali na kipande cha ndege, sio kukizunguka, maana ukikizunguka umemchorea kila mpita njia. Upepo wa Agosti ukiwa mkali inavukwa. Mwaka jana ilivukwa, bahati makinda walisharuka.