Namna ya Kuwasimulia Vijana wa Lubumbashi Maisha ya Uchezaji ya Honus Wagner

Ukitaka kuwaeleza vijana wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ambao wamekulia kwenye kelele za mashabiki wa timu ya soka ya TP Mazembe, habari za mchezaji wa besiboli wa Marekani wa zaidi ya miaka 100 iliyopita, usianze na kanuni za mchezo. Anza na mgodi. Honus Wagner alizaliwa mwaka 1874 karibu na Pittsburgh, katika familia ya wahamiaji wa Kijerumani, na alipokuwa bado mtoto aliacha shule akaenda kuchimba makaa ya mawe pamoja na baba yake na ndugu zake. Mjini kwetu, mji wa migodi, jambo hilo halihitaji ufafanuzi.

Baada ya hapo, chora ardhini vituo vinne ambavyo mpigaji hukimbia kuvipitia, kwa umbo la almasi, kisha uonyeshe mahali alipopata sifa zake akiwa mlinzi: kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako mipira mingi huelekea kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia. Miaka itaje kwa ufupi. Alianza Louisville mwaka 1897, akahamia Pittsburgh mwaka 1900, na huko akacheza hadi 1917.

Kinachohitaji subira ni takwimu. Mwaka 1908 Wagner alipata mapigo salama 201, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kituoni, katika zamu 568 za kupiga. Waache vijana wagawanye wenyewe, watapata 0.354. Watauliza, na wana haki ya kuuliza, ubingwa uko wapi kwa mtu aliyekosa mara nyingi kuliko alivyopata. Hapo ndipo uandike kando yake wastani wa ligi nzima mwaka huo, yaani 0.239, na ueleze kwamba siku zile mpira mmoja ulitumika hadi ukachafuka na kulegea, tena mrushaji aliruhusiwa kuupaka mate. Tarakimu ya mchezaji isiyowekwa kando ya zile za wenzake wa wakati wake huwapotosha wasikilizaji. Wagner aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mara 8, mara ya mwisho ikiwa 1911, mwaka uleule shaba ilipoanza kuyeyushwa hapa Lubumbashi.

Usiufiche mwaka 1903. Katika fainali dhidi ya Boston alifanya makosa 6 ya ulinzi, wastani wake ukashuka hadi 0.222, na timu yake ikashindwa. Mimi huona hapo ndipo masimulizi yanapopata uhai, kwa maana mwaka 1909, akiwa na miaka 35, alirudi fainalini dhidi ya Detroit, akapiga kwa wastani wa 0.333, akaiba vituo 6 (yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake apige mpira), na Pittsburgh ikatwaa ubingwa. Andika ubaoni hesabu za fainali zote mbili kabla hujataja kwamba mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa wachezaji 5 wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika jumba la heshima la besiboli.