Kuuza kinu cha nyuklia ng'ambo: ninavyomwelekeza mpwa wangu

Mpwa wangu yuko chuoni. Kwenye mdahalo wamepewa upande wa serikali inayotafuta kandarasi ya kujenga kinu cha nyuklia nchi nyingine. Akaniuliza, "Mjomba, nianze na bei?"

Hapana. Nimeuza mashine za boti hapa Sahare, Tanga, miaka ishirini na mbili. Mvuvi huvuta kamba ya kuwashia mara mbili, anasikiliza, halafu ananiuliza: "Ikinizimikia nyuma ya kisiwa cha Yambe, nani atanifuata?" Anza na swali hilo. Kinu cha siku hizi hujengwa kifanye kazi miaka kama sitini, kwa hiyo kabla hujataja fedha weka mezani mafuta ya urani, vipuri, na vijana wao utakaowafundisha kukiendesha.

Kisha mkopo. Wavuvi nawapa mali kauli, na serikali nayo hutoa. Kwa kituo cha nyuklia cha El Dabaa, Misri, Urusi ilikubali kukopesha dola bilioni 25, yaani asilimia 85 ya gharama, kwa riba ya asilimia 3. Kampuni peke yake haiwezi masharti hayo. Hapo ndipo serikali inapobeba mzigo.

Mkuu wa nchi aende mwenyewe. Desemba 2009 Rais Lee Myung-bak wa Korea Kusini alisafiri hadi Abu Dhabi, na nchi yake, ambayo haikuwahi kuuza kinu cha umeme nje, ikawashinda Wafaransa kwa vinu vinne vya Barakah, huko Falme za Kiarabu, takriban dola bilioni 20. Lakini kulikuwa na ahadi ya kijeshi pembeni, ya kupeleka askari, ikafichwa, ikaja kujulikana 2018. Hapo nilimkataza mpwa wangu kabisa: usiahidi nje usichoweza kusoma mbele ya Bunge lako. Askari ni watoto wa watu.

Malizana pia na mwenye teknolojia mapema. Wakorea walivutana na Westinghouse, kampuni ya Marekani iliyodai teknolojia ya vinu vyao ni yake, hadi Januari 2025, na mkataba wao wa kujenga vinu Ucheki ukasainiwa Juni mwaka huo.

Bei iongelewe mwisho, nayo ipangwe kwa hatua za ujenzi.

Ukishaandika yote, tafuta mtu akae upande wa mnunuzi. Jumamosi nilikaa mimi, dukani, daftari lake katikati yetu. Nikamuuliza: "Mafuta yakishatumika, yatakaa kwa nani, kwako au kwangu?" Akapekua kurasa zote, hakulikuta jibu. Tukachukua ukurasa mpya.